Homa, minyoo na kichocho: Dawa zipo, tatizo ni namna zinavyotolewa

Na Mwandishi Wetu

NI vigumu kumpata mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mwanza aliyevuka umri wa miaka thelathini ambaye hajawahi kuambiwa kwamba ana "malaria mbili". Lugha hiyo ya maabara za mitaani imezoeleka kiasi kwamba mgonjwa huipokea, hukunja karatasi yake na kuelekea dirisha la dawa bila kuuliza hizo mbili ni mbili za kitu gani.

Kwa wasiofahamu, mtaalamu wa maabara anapotazama tone la damu kwa hadubini huhesabu vimelea huku akihesabu pia chembe nyeupe za damu hadi zifike 200. Akiona vimelea viwili katika hesabu hiyo, huandika mbili. Kwa makadirio ya kawaida, hiyo ni sawa na vimelea 80 katika mikrolita moja ya damu, yaani kiwango kidogo sana ambacho hata hadubini nzuri na jicho lililozoea hukipata kwa taabu. Ajabu ni kwamba kiwango hicho kigumu kuonekana ndicho kilichokuwa kikionekana kila siku, katika kila maabara, kwa kila mwenye homa.

Mwandishi wa makala haya naye alipata mbili zake. Ilikuwa katika zahanati moja binafsi jijini Dar es Salaam, ambapo baada ya dakika kumi na tano za kusubiri alikabidhiwa dawa mseto, vidonge vya Flagyl kwa ajili ya amiba, kidonge kimoja cha minyoo "kwa kuwa ni muda mrefu hujanywa", na antibiotiki ya kukamilisha. Kesho yake homa ilipozidi, hospitali nyingine ilipima upya na kukuta hakuna malaria wala amiba. Ulikuwa ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Magonjwa matatu yalikuwa yametibiwa, na hakuna hata moja kati yake lililokuwapo.

Kisa hicho ni kidogo na hakikumuumiza mtu. Hata hivyo, kikirudiwa mara elfu kwa siku nchi nzima, ndicho kinachoamua iwapo dawa chache tulizonazo dhidi ya vimelea zitaendelea kufanya kazi miaka kumi ijayo. Mjadala wa magonjwa haya kwa kawaida hufanyika katika kumbi za mikutano, ukihusu vyandarua, chanjo na kampeni za kugawa dawa mashuleni. Mezani kwa tabibu wa zahanati, ambako dawa huandikwa, ni wachache wanaofika kutazama.

Historia inatufundisha kwamba dawa haizeeki yenyewe. Klorokwini ilitumika nchini kwa miongo kadhaa, na wengi wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa kuwashwa mwili mzima. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikishindwa kuponya takriban nusu ya wagonjwa katika vituo vilivyokuwa vikifuatilia ubora wake. Serikali ikaiondoa mwaka 2001 na kuweka SP, ambayo watu waliijua zaidi kwa majina ya kibiashara kama Fansidar. SP ilikuwa nafuu na ilinywewa mara moja tu. Lakini tangu ilipoingia wataalamu walijua kwamba ni daraja la kuvukia, kwa sababu usugu dhidi yake ulikwisha kuonekana, hususan mkoani Tanga. Ilidumu takriban miaka mitano.

Mwishoni mwa mwaka 2006 ndipo Tanzania Bara ilipoanza kutumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, maarufu kama ALu. Zanzibar ilikwisha kutangulia kwa mseto wake wa artesuneti na amodiakwini mwaka 2003. SP haikutupwa, bali ilibakizwa kwa ajili ya kuwakinga wajawazito, kazi ambayo inaifanya hadi leo.

Mantiki ya mseto ni rahisi kueleweka. Artemetha, iliyo katika jamii ya artemisinini, huua vimelea kwa kasi kubwa lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini huua polepole, ila hukaa katika damu kwa siku kadhaa na kumalizia vilivyosalia. Moja ni panga, nyingine ni mlinzi wa usiku. Mgonjwa anayeacha dozi siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka amenufaika na panga na kumfukuza mlinzi.

Sasa panga hilo limeanza kuwa butu. Mwaka 2020 watafiti walithibitisha nchini Rwanda kuwapo kwa vimelea vilivyobadilika katika jeni iitwayo kelch13, mabadiliko ambayo huvifanya vistahimili artemisinini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Uganda ikafuata mwaka 2021 kwa mabadiliko ya aina nyingine. Kisha, katika utafiti uliofanyika mwaka 2022 wilayani Karagwe, mkoani Kagera, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao walionyesha kwamba hali hiyo imekwisha kuvuka mpaka. Aina ya mabadiliko waliyoikuta ni R561H, ile ile iliyoonekana Rwanda, na zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi waliotibiwa bado alikuwa na vimelea katika damu siku ya tatu.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu taarifa za namna hii hugeuka haraka kuwa uvumi kwamba dawa mseto haifanyi kazi tena. Sivyo. Kinachozungumzwa ni usugu wa kiasi: vimelea vinachelewa kufa, lakini mgonjwa anapona kwa kuwa lumefantrini bado inafanya kazi yake. Hatari iliyopo ni kwamba mzigo wote umehamia kwa dawa moja. Siku lumefantrini nayo itakapochoka, wagonjwa wataanza kurudi zahanati wiki mbili baada ya kutibiwa, kama walivyokuwa wakirudi enzi za klorokwini.

Kwa sababu hiyo, mambo yaliyokuwa yakichukuliwa kuwa madogo katika chumba cha tabibu yamekuwa makubwa. La kwanza ni chakula. Lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi inapoingia tumboni pamoja na mafuta. Mtu anayemeza vidonge vyake vinne kwa chai ya rangi anapata sehemu tu ya dawa aliyopewa, ilhali kikombe cha maziwa, karanga au chakula kilichoungwa vingetosha. Ni maelekezo ya sekunde kumi, lakini wagonjwa wengi huondoka dirishani na mfuko wenye alama za kalamu tu, mara mbili kwa siku tatu, basi.

La pili ni saa. Dozi ya ALu ina awamu sita katika siku tatu, na awamu ya pili hupaswa kunywewa saa nane baada ya ile ya kwanza, si asubuhi ya kesho yake. Aliyeanza saa nne asubuhi hana budi kunywa tena saa kumi na mbili jioni. Mtu mzima, au mtoto aliyefikia kilo 35, humeza vidonge vinne kila awamu, jumla 24. Mtoto wa kilo tano hadi chini ya 15 humeza kimoja kimoja. Uzito ndio unaoamua wala si umri, ingawa mizani katika vituo vingi hukaa kwenye kona ya kliniki ya watoto na mgonjwa wa homa hapitishwi huko.

La tatu, ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo baya kuliko yote, ni mtindo wa sindano. Sindano ya artesuneti ni moja ya mafanikio makubwa ya tiba ya malaria katika karne hii. Utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba watoto waliolazwa na malaria kali na kuchomwa artesuneti walikufa asilimia 8.5, wakati waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9. Tangu hapo kwinini ilianza kuachia nafasi.

Lakini sindano hiyo ni kwa ajili ya malaria kali: mgonjwa aliyepoteza fahamu, mwenye degedege, anayetapika kila anachomeza, aliyepungukiwa damu, mtoto aliyeshindwa kunyonya. Katika baadhi ya zahanati binafsi imegeuzwa kuwa huduma ya hadhi kwa mtu anayetembea kwa miguu yake, ambaye huchomwa mara tatu na kurudi kazini. Mwongozo unataka baada ya sindano mgonjwa amalizie na dozi kamili ya mseto kwa mdomo. Asipopewa, au akipewa na asinywe kwa kuwa ameshapata nafuu, anakuwa ametibiwa kwa artemisinini pekee bila mwenza wake. Ni vigumu kubuni njia bora zaidi ya kuvifundisha vimelea kuishi na dawa hiyo.

Swali linalotangulia yote hayo ni kama mgonjwa ana malaria kweli. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukihusu wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa umakini, ni 2,062 tu waliokuwa na vimelea, chini ya nusu. Wengine walikuwa na nimonia, homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya damu na maradhi mengine ambayo hayakuwa yakitibiwa, na vifo miongoni mwao vilikuwa vingi kuliko kwa wale wenye malaria. Miaka minne baadaye, watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara kwa kila kipimo kilichowezekana. Malaria ilipatikana kwa takriban mtoto mmoja katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, mengi yakisababishwa na virusi, ambayo hayahitaji dawa ya malaria wala antibiotiki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole juu ya kibati cha plastiki, kikasambazwa hadi zahanati za vijijini, na katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Ni mageuzi ambayo hayakupewa sifa inayostahili. Katika zahanati za Dar es Salaam ambako kilianza kufanyiwa majaribio, matumizi ya dawa za malaria yalishuka sana. Yakapanda matumizi ya antibiotiki. Tabibu alinyang'anywa jibu moja la haraka, akachukua jingine lililokuwa karibu.

Si haki kumlaumu tabibu peke yake. Mgonjwa aliyeacha biashara yake, akapanda daladala mbili na kukaa benchi tangu saa moja asubuhi hataki kuambiwa kwamba ni mafua, arudi nyumbani akanywe maji. Anataka dawa. Asipoipata atavuka barabara aende dukani, ambako atauziwa bila kupimwa, pengine nusu dozi kwa kadiri ya fedha aliyonayo. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ulilenga kuwafunza wauzaji na kuwapa leseni, na kwa kiasi kikubwa umesaidia. Pamoja na hayo, muuzaji ni mfanyabiashara, na anayemkatalia mteja humpoteza kwa jirani.

Kuna kosa jingine linalotokana na kipimo chenyewe. Kipimo cha haraka hakitafuti kimelea, bali hutafuta protini inayoachwa na kimelea, nayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hivyo mtu aliyemaliza dozi vizuri, akapata homa nyingine wiki ya pili na kupimwa kwa kibati hicho, ataonekana bado anaumwa. Atapewa dozi nyingine, na pengine ataanza kueneza habari kwamba malaria yake ni sugu. Hapo ndipo hadubini inapohitajika, na ndiyo maana kuziua maabara za hadubini kwa kuwa kuna vibati ni kosa.

Kwa upande wa minyoo, hali ni tofauti kabisa: hapa watu hawapimwi, na hakuna anayeona haja. Mtoto akisaga meno usingizini, akitokwa na mate au akila udongo, mama hununua kidonge cha albendazoli. Tumbo la mtu mzima likinguruma naye hunywa. Dawa ni salama na bei yake ni ndogo, kwa hiyo kosa hilo halina gharama kubwa. Tatizo ni imani kwamba kidonge hicho kimoja kinasafisha kila kitu.

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba dozi moja ya albendazoli huponya asilimia 88 ya wenye minyoo mikubwa ya mviringo, ile ambayo mtoto akiitoa nyumba nzima hupiga kelele. Kwa minyoo ya safura, inayonyonya damu taratibu na kumwacha mtu amepauka, huponya asilimia 72. Mebendazoli ya dozi moja, ambayo wengi wanaiona kuwa ndugu wa albendazoli, huponya asilimia 15 tu ya wenye safura. Na kwa minyoo ya mjeledi, albendazoli huponya asilimia 28. Tofauti hizo zina maana kubwa kwa tabibu. Mjamzito mwenye upungufu wa damu katika eneo lenye safura hastahili kupewa chochote kilichopo kwenye rafu kwa hoja kwamba vyote ni dawa za minyoo, na katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito dawa hizo huepukwa.

Pemba inastahili kutajwa hapa. Kisiwa hicho, ambacho kina maabara ya afya ya jamii huko Wawi, Chake Chake, kimekuwa moja ya sehemu duniani ambako dawa za minyoo zimejaribiwa kwa kina zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba albendazoli peke yake iliponya asilimia 6 tu ya wenye minyoo ya mjeledi kisiwani humo. Ilipounganishwa na ivermektini, kiwango kilipanda hadi asilimia 49. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuidhinisha kidonge kimoja chenye dawa zote mbili. Ivermektini hiyo hiyo, ambayo wakati wa Covid-19 ilitafutwa kwa udi na uvumba kwa ugonjwa isioutibu, ilikuwa na kazi yake ya kweli hapa nyumbani muda wote.

Kichocho ni habari nyingine, na ndicho kinachosikitisha zaidi. Dawa yake ni moja tu, prazikwanteli, na imekuwa moja tu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hunywewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ambapo mtu mzima wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Ni vikubwa, vichungu, na vikinywewa kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Aidha, prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa lakini haina nguvu kwa michanga iliyoingia mwilini wiki chache zilizopita. Kwa mvuvi wa Ukerewe ambaye kila siku anaingia majini, dozi moja haiwezi kuwa tiba ya maisha.

Kampeni za kitaifa zimejikita kwa wanafunzi wa shule, na hilo lina sababu: wako pamoja, ni rahisi kuwafikia na ndio wenye vimelea vingi. Lakini mvuvi, mkulima wa mpunga, na mama anayefua mtoni hawamo katika foleni ya shule. Wao hutegemea zahanati, na zahanati hutegemea wao wenyewe kuja na kusema wanakojoa damu. Katika maeneo ambayo kila kijana amewahi kukojoa damu, jambo hilo halionekani kuwa ugonjwa.

Wanawake wanaumia zaidi. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana Unguja na Pemba, mwambao na sehemu za Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Simiyu, hutaga mayai yake pia katika mlango wa kizazi na uke. Mwanamke hupata maumivu, kutokwa na uchafu na damu baada ya tendo la ndoa. Akifika kituoni huandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa kwa kuwa dalili zinafanana, na huambiwa amlete mume. Akirudi mara ya pili hupewa dawa kali zaidi. Unaweza kufikiria yanayotokea nyumbani kati ya ziara hizo mbili. WHO ilitoa kitabu cha picha mwaka 2015 ili kuwasaidia wahudumu kuutambua ugonjwa huu kwa macho. Swali moja tu, iwapo mama huyo alikulia karibu na mto, bwawa au mashamba ya mpunga, lingeweza kubadili tiba nzima.

Watoto walio chini ya umri wa shule walikuwa wamesahauliwa kabisa, wakivunjiwa vidonge vya wakubwa na kuchanganyiwa na juisi. Toleo jipya kwa ajili yao, linaloyeyuka katika maji na lisilo chungu kiasi kile, lilipata maoni chanya ya mamlaka ya Ulaya Desemba 2023 na kuorodheshwa na WHO mwaka 2024.

Prazikwanteli ina tahadhari moja ambayo tabibu wa Mbeya, Songwe au Mbulu hapaswi kuisahau. Katika maeneo yanayofuga nguruwe kwa kuwaachia huru, tegu la nguruwe huweza kuwa limeweka vifuko katika ubongo wa mtu, na kifafa kinachoanzia ukubwani mara nyingi hutokana nalo. Dawa ikiviua vifuko hivyo ghafla, ubongo huvimba na mgonjwa huanguka kifafa. Kuuliza kuhusu degedege na uvimbe mdogo chini ya ngozi kabla ya kuandika dawa ni lazima.

Kuhusu amiba hatutakawia. Metronidazoli, ambayo karibu kila mtu anaiita Flagyl, ni dawa nzuri ya amiba na ya jiadia, na aliyenayo mwilini hana budi kukaa mbali na pombe. Lakini imekuwa jibu la kila tumbo linaloharisha. Kuharisha kwa watoto wadogo kwa kiasi kikubwa husababishwa na virusi, na kinachookoa maisha yao ni maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne. Vitu hivyo viwili ni vya bei nafuu, na pengine ndiyo sababu havipewi heshima.

Na upele, ambao wazazi wenye watoto katika shule za bweni wanaufahamu, hautibiki kwa kumpaka dawa mgonjwa mmoja. Wote wanaolala chumba kimoja hupakwa siku moja, tangu shingoni hadi vidoleni, na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto. Muwasho huweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne hata baada ya wadudu kufa, jambo ambalo huwafanya wengi wadhani wamepewa dawa bandia.

Yote haya yanakuja wakati mgumu kifedha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika la USAID, lililokuwa likigharimia sehemu ya mapambano dhidi ya malaria na magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika nchi nyingi za Afrika, likawa limefungwa. Dawa nyingi za minyoo na kichocho hutolewa bure na watengenezaji kupitia WHO. Gharama ilikuwa katika magari, mafuta, mafunzo na posho za walimu wanaozigawa. Kampeni za mashuleni zikipungua, wagonjwa hawatapungua pamoja nazo. Watasambaa katika zahanati, mmoja mmoja, na kumkuta tabibu ambaye kwa miaka mingi amezoea kwamba kichocho ni kazi ya mradi.

Swali ambalo Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa wanapaswa kulijibu hadharani ni la kiutendaji tu: prazikwanteli imo katika oda za kawaida za zahanati za kando ya ziwa na mwambao, mwaka mzima, au inaonekana tu wakati wa kampeni? Dawa iliyoletwa kwa ajili ya wanafunzi haiwezi kuandikiwa mvuvi wa miaka arobaini, na katika maduka mengi ya dawa si bidhaa inayotoka haraka hata muuzaji ajisumbue kuiweka.

Kwa upande wa malaria, kuna habari za kutia moyo. Julai 2025 Uswisi iliidhinisha toleo la Coartem kwa watoto wachanga wa kilo mbili hadi chini ya kilo tano, ambao awali walikatiwa vidonge kwa kukisia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshiriki katika tathmini yake. Novemba mwaka huo yalitangazwa matokeo mazuri ya majaribio ya awamu ya tatu ya dawa mpya, ganaplasidi, isiyo ya jamii ya artemisinini. Mwenza aliyechaguliwa kufungwa nayo katika mseto huo mpya ni lumefantrini, ile ile ambayo leo Karagwe inamalizia kazi ambayo artemetha inaanza kushindwa, na ambayo wengi wetu tunaimeza kwa chai ya rangi.